Mlingoti wa Kijahazi: Antena ya Redio Isitupwe



Safari hii tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo, hakizidi shibiri moja. Ni mlingoti wa kijahazi, yaani lile jahazi la mfano linalochongwa kwa ajili ya kuuzia wageni. Mtu anaweza kucheka, ati mlingoti nao waandikiwa makala! Lakini kuna kikundi kimoja huku Wasini kilichopoteza kazi ya miezi mitatu kwa ajili ya kitu hicho, na sehemu ya lawama ni yetu sisi tuliowashauri.

Mambo yalikuwa hivi. Kikundi kilipata oda ya vijahazi 20 kutoka duka moja la mapambo upande wa Diani. Vijana wakachonga, kina mama wakashona matanga, pesa za karo zikaanza kuhesabiwa kabla hazijafika. Milingoti ilikuwa vijiti vya mbao vyembamba. Sasa kutoka Wasini mpaka dukani ni safari: mashua mpaka Shimoni, halafu matatu, mzigo juu ya mzigo. Maboksi yalipofunguliwa, vijahazi 11 vilikuwa vimevunjika milingoti. Mwenye duka akakataa vyote, hata vile vizima.

Sisi tukaja na ushauri wetu: tieni spoki za baiskeli, chuma hakivunjiki. Wakatusikiliza. Hazikupita wiki nyingi, hewa ya chumvi ikazila zile spoki, kutu ikashuka kwenye matanga meupe ikaacha madoa yasiyotoka. Kosa lile ni letu. Watu wanaozunguka pwani kila siku walipaswa kujua kwamba chuma na bahari havipatani.

Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja anayetengeneza redio. Alichukua antena iliyovunjika, akaikwaruza kwa tupa, na chini ya ule weupe wa kung'aa ukatokea umanjano. "Hii ni shaba," akasema, "na ninyi mwaitupa jaani."

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Haishiki kutu kama chuma. Hufifia, na ikiachwa ovyo kwenye chumvi hutoa ukijani, lakini ukijani huo husuguliwa ukaondoka. Tena si kitu kigeni pwani: siwa ya Lamu, ile iliyohifadhiwa katika makumbusho ya mji huo, ni ya shaba, na ina umri wa karne kadhaa.

Uzuri wa antena ni umbo lake. Ni mrija ndani ya mrija, kila mmoja mwembamba kuliko uliotangulia. Na mlingoti wa kweli ndivyo ulivyo, mnene chini na mwembamba juu. Wachongaji wa meli za mfano huko Ulaya hununua mirija ya shaba dukani, wakaichomeka mmoja ndani ya mwenziwe wapate umbo hilo hilo. Sisi tayari imekwisha kuchomekwa.

Lakini si kila antena ni shaba. Nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha. Ijaribuni kwa sumaku: ikinaswa kwa nguvu, iacheni. Halafu kwaruzeni kwa tupa mahali pasipoonekana. Msipoona umanjano, hiyo siyo.

Kabla ya kukata chochote, nendeni mkapime jahazi la kweli. Hapa wengi huteleza. Wanachonga kwa kukisia, na mgeni aliyepanda jahazi asubuhi anaona jioni kwamba lile la mezani halifanani nalo. Pale Shimoni majahazi yapo, manahodha hawana hiana. Chukueni kamba na mpime urefu wa chombo, urefu wa mlingoti, unene wake chini na juu, na urefu wa foromali. Kisha kila mita moja igeuzeni sentimita mbili. Tuseme jahazi lina mita 12: kijahazi kitakuwa sentimita 24. Mlingoti wa mita 9 utakuwa sentimita 18. Unene wa sentimita 25 chini utakuwa milimita 5, na wa sentimita 15 juu utakuwa milimita 3. Sasa mnaona kwa nini vijiti vilivunjika. Mti wa milimita tatu, kama nyuzi zake hazikunyooka sawasawa, hauhimili hata kidole.

Mtu atauliza, kwa nini tusitumie ufito mzima wa shaba, ule wanaouza kwa mafundi wa kuchomelea? Inawezekana, na una nguvu kweli. Shida ni uzito. Mlingoti mzima wa vipimo tulivyotaja hufika karibu gramu 20, na wa mbao hauzidi gramu 2 hivi. Uzito huo ukiwa juu, kijahazi huanguka kifudifudi mezani. Mrija ni wazi ndani. Wenye unene wa nje wa milimita 5 na ukuta wa nusu milimita una uzito unaozidi kidogo tu theluthi ya ule mzima.

Kazi yenyewe inahitaji tupa laini, msasa, msumeno wa chuma, jiriwa, lehemu na dawa yake. Umeme si lazima. Vuteni antena, chagueni sehemu tatu ambazo unene wake unakaribia vipimo vyenu, mkate zilizobaki. Kila mrija ubaki umeingia ndani ya mwenziwe angalau sentimita moja. Sugueni ule weupe wa nje mpaka umanjano utokee kote, maana lehemu haishiki juu ya weupe ule. Sugueni kwa msasa uliolowa ili vumbi lisiruke mkalivuta puani. Kikombe kimoja cha maji chatosha, tunajua maji matamu kisiwani hayachezewi.

Pakeni dawa kwenye kiungo, mpashe moto shaba yenyewe, siyo lehemu. Shaba ikipata moto wa kutosha, gusisheni lehemu kwenye kiungo, itayeyuka na kuingia ndani yenyewe. Ikiganda kama tone juu juu, moto haujatosha. Ikishapoa, piga tupa ile ngazi kati ya mrija na mrija mpaka mkono upite bila kukwama. Hapa ni kazi ya wawili: funga mlingoti kwenye keekee ya mkono, mmoja azungushe polepole, mwingine ashike msasa. Kina mama wawili tuliowaona wakifanya hivyo walimaliza mlingoti huku wakipiga soga, na ulitoka laini kuliko wa vijana.

Jambo moja hatutalipita haraka. Lehemu nyingi zina risasi ndani yake, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto na kwa mama mjamzito. Fanyeni kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Sufuria ya chakula isitumike kabisa. Unga wa tupa ukusanyeni kwenye karatasi, msiufagie uwanjani wanakodonoa kuku. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, au hata kumshika mtoto.

Sasa kuusimamisha. Mlingoti wa jahazi hausimami wima, umelala kidogo kuelekea omo. Kijahazi chenye mlingoti wima kama wa bendera, nahodha akikiona atawaambia hicho si chombo cha huku. Chongeni kipande cha ubao chenye mlalo mliouona kwenye jahazi la kweli, mkiweke juu ya sitaha, mtoboe mkikifuata. Tobo lipite sitaha na lingine liwe chini kwenye mwashiri, kile kipande kinachokaa juu ya mkuku kupokea mguu wa mlingoti. Mlingoti ukishika mahali pawili hautikisiki, na hauhitaji gundi. Msiugundishe! Mlingoti unaong'oka ndio utakaosafiri salama.

Foromali, maoni yetu ni kwamba ibaki ya mti. Chaneni mwanzi, muuchonge uwe mnene katikati na mwembamba ncha zote mbili. Ni ndefu kuliko mlingoti, mara nyingi inakaribia urefu wa chombo kizima, na ikiwa ya shaba uzito wote utarudi juu. Tena wengine wakishaonja lehemu wanataka kuunganisha kila kitu, foromali nayo wanaichomelea kwenye mlingoti. Haifai. Kwenye jahazi foromali inaning'inia kwa henza, hupandishwa na kushushwa, na chombo kikigeuza upepo lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Ifungeni kwa uzi, na henza ipitisheni kwenye kipete kidogo cha waya wa shaba pale juu. Mgeni akiweza kupandisha tanga mwenyewe kwa kidole, tumeona anakishika kijahazi muda mrefu zaidi, na anayeshika sana ndiye anayenunua.

Kung'arisha hatuna la kuwafundisha kina mama waliosugua masinia maisha yao yote: ndimu au ukwaju na majivu. Suuzeni vizuri, mkaushe, halafu mpake vanishi isiyo na rangi siku hiyo hiyo. Ukishika kwa vidole kabla ya vanishi, jasho litaandika alama zako hapo na zitabaki.

Kuhusu bei, hesabuni saa. Antena ni bure au senti chache kwa fundi wa redio, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba mlingoti ni bure. Kikundi kile kilipoandika daftarini, kilikuta mlingoti mmoja unakula karibu saa mbili za mtu mmoja, ukihesabu kusugua. Walikuwa wakiuza kijahazi kwa bei ya mti na kitambaa tu, kazi yao wakiitoa sadaka kwa mwenye duka. Sasa wamepandisha. Wanunuzi wawili wameondoka na mmoja amekubali.

Kila kijahazi sasa kinafungwa kwenye boksi, mlingoti na foromali vimezungushiwa kitambaa na kulazwa kando ya mwili, pamoja na karatasi yenye picha inayoonyesha tobo liko wapi na henza inafungwa vipi. Vijahazi 6 vya kwanza vimevuka Shimoni na kufika bila kuvunjika hata kimoja. Yule wa oda ya 20 hajarudi bado. Antena zimeanza kuadimika kisiwani, kwa hiyo wenye redio mbovu huko Msambweni na Lunga Lunga, wanakikundi wanaomba msizitupe.