Ng'ombe Anapotupa Mimba

Huku kwetu Ankole ng'ombe akitupa mimba, watu humtafuta mwenye jicho baya, ama humlaumu mchungaji kuwa amempiga mnyama fimbo ya tumbo. Nami nililaumiwa hivyo likizo moja, mtamba wa baba alipotupa ndama wa miezi saba. Sikumpiga. Bwana mifugo alipopima damu, tukaambiwa ni bruselosi.

Vijidudu vya jamii hii viligunduliwa Malta mwaka 1887 na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, yule yule aliyefika Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale. Wale wa ng'ombe waligunduliwa na Bernhard Bang wa Denmark mwaka 1897.

Ng'ombe huwapata kwa kinywa, akila majani yaliyochafuliwa au akilamba ndama aliyetupwa na mwenziwe. Katika mtamba asiye na mimba hukaa kimya tu. Lakini kondo la ng'ombe mwenye mimba lina sukari ya namna fulani, iitwayo erithritoli, ambayo vijidudu hawa huipenda mno. Basi hukimbilia huko, huzaana kwa wingi, na kondo huvimba na kuoza, hata ndama hukosa chakula na hewa. Mara nyingi mimba hutoka kuanzia mwezi wa tano, na kondo la nyuma hukwama.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulilivuta kondo kwa mikono mitupu tukawatupia mbwa, kumbe limejaa vijidudu tele! Ilitupasa kulichoma au kulifukia chini sana pamoja na ndama. Mtu naye huambukizwa kwa kulishika, au kwa kunywa maziwa mabichi, akapata homa ya kupanda na kushuka ambayo wengi huidhani malaria.

Kinachodanganya ni kwamba mara ya pili ng'ombe huyo huweza kuzaa salama. Mwenyewe husema amepona, huku kila azaapo humwaga vijidudu zizini. Kumwuza kwa jirani ni kumwuzia ugonjwa. Chanjo ipo, nayo hupewa mitamba wa miezi mitatu hadi minane, lakini haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Baba hajakubali mtamba wake achinjwe, kwa kuwa alitoka katika mahari ya dada yangu. Amemjengea zizi la peke yake. Maziwa sasa tunayachemsha, ingawa nyanya hulalamika kuwa yamepoteza ladha.