Zaïko na neno «mizizi»

Mashabiki wa Zaïko Langa Langa, hata hapa Mutwanga, hubishana: je, orkestra hii irudi kwenye mizizi yake? Mizizi ipi? Zaïko ilizaliwa Kinshasa mwaka 1969. Jina lake hufafanuliwa kuwa ufupisho wa maneno ya Kilingala «Zaïre ya bankoko», Zaïre ya mababu. Zaïre hapo ni mto, kwani nchi ilipewa jina hilo mwaka 1971. Lakini vijana hao wenye jina la mababu waliacha tarumbeta na saksofoni za wakubwa wao, wakatanguliza magitaa na ngoma. Basi «mizizi» ina maana mbili. Anayetaka mlio wa zamani anaomba uhifadhiwe. Anayetaka moyo wa 1969 anaomba mabadiliko. Wote wanasema «turudi», ila kila mmoja anaelekea kwake.