Uhalisia wa Misako ya Polisi katika Tamthilia za Runinga

Muhula mmoja nilipokuwa nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu, nilikutana na mlango uleule ukivunjwa kwa teke katika daftari saba. Askari ni walewale, ving'ora ni vilevile, na jambazi ni yuleyule anayeruka dirishani. Hakuna mwanafunzi hata mmoja kati ya hao saba aliyewahi kushuhudia msako. Wote walikuwa wameuona kwenye runinga. Nilipowauliza kama visa vyao vina uhalisia, walijibu bila kusita kwamba vinao, kwa kuwa ndivyo polisi wanavyofanya. Makala haya yananuia kulichunguza jibu hilo, maana ndilo linalojitokeza hata katika majibu ya fasihi, pale mtahiniwa anapoandika kuwa tamthilia "ni ya kihalisia kwa sababu mambo haya hutokea".

Tuanze na mlango wenyewe. Kikosi maalum kinachofahamu kazi yake huwa kimeuchunguza mapema: unafunguka ndani au nje, una komeo ngapi, nani analala nyuma yake. Mlango unaofunguka nje haubomoki kwa teke, na mguu wa askari huweza kuvunjika kabla ya kitasa. Hutumiwa zana maalum za kuvunjia mlango. Ving'ora havipigwi, kwani vitamwamsha mtuhumiwa. Askari hujipanga msururu, kila mmoja akijua pembe ya chumba atakayoitazama, na tendo lenyewe aghalabu humalizika kwa muda mfupi sana. Baada ya hapo hufuata saa nyingi za kuorodhesha vitu na kujaza fomu, na hizo hazionyeshwi na mtayarishaji yeyote. Hali kadhalika, kuna sheria. Nchini Kenya, kifungu cha 119 cha Sheria ya Taratibu ya Kesi za Jinai chasema kuwa hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya mawio na machweo, ila mahakama ikiidhinisha saa nyingine. Katika runinga, karatasi hiyo ama haipo kabisa ama hupeperushwa usoni pa mwenye nyumba kama tiketi ya matatu.

Je, tuseme basi kwamba tamthilia inayokosea mlango imekosa uhalisia? Hapa ndipo wengi wetu hupotoka. Ufanano wa vitu vya nje, yaani sare, bunduki, lugha ya redioni, ni ushabihikweli. Uhalisia ni dhana pana zaidi: unahusu namna kazi ya sanaa inavyofichua mahusiano ya watu, mamlaka na maslahi yanayoyasukuma matukio.

Tamthilia mbili za Marekani zilizoanza mwaka 2002 zinatufaa sana. *The Shield* ilirekodiwa kwa kamera ya kushikwa mkononi, picha ikitikisika, hata mtazamaji akadhani yuko nyuma ya askari. Katika kipindi cha kwanza, kikosi cha Vic Mackey kinavamia nyumba ya mlanguzi wa dawa za kulevya. Vurumai inapotulia, Mackey anampiga risasi askari mwenzake, Terry Crowley, aliyekuwa akimpeleleza. Kisa hiki kimetiwa chumvi, naam. Lakini tamthilia hiyo ilichochewa na kashfa ya Rampart katika polisi wa Los Angeles, na inachofichua ni kwamba msako ni pazia: yanayotendwa humo husimuliwa baadaye na waliobeba bunduki peke yao.

*The Wire* huenda njia nyingine. Waanzilishi wake ni David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la Baltimore Sun, na Ed Burns, askari mpelelezi aliyegeuka mwalimu (mwenzetu huyo!). Katika kipindi cha tatu, wakubwa wanadai dawa za kuonyesha mezani, na Luteni Daniels analazimika kuamuru msako asioutaka. Ghala limekwisha kuhamishwa. Polisi hawapati kitu. Kijana Bodie anamchapa ngumi askari mzee, naye anapigwa vibaya. Ni msako wa kujionyesha, nao unauharibu upelelezi. Kisha katika kipindi cha kumi na mbili, kikosi chenye silaha kimejiandaa nje kumkamata Avon Barksdale, kumbe Daniels na McNulty wanaingia tu kwa miguu yao na kumtia pingu. Kinaya hicho, kwa maoni yangu, kina uhalisia mwingi kuliko milango yote iliyowahi kubomolewa runingani.

Kuna jambo moja ambalo tamthilia nyingi hulikwepa. Polisi wa runinga hawakosei nyumba, na waliolala ndani ni wahalifu. Mnamo Machi 13, 2020, baada ya usiku wa manane, polisi wa Louisville, Marekani, walivunja mlango wa Breonna Taylor, mhudumu wa afya ya dharura mwenye umri wa miaka 26. Mpenzi wake alifyatua risasi akidhani wamevamiwa na wezi. Polisi wakafyatua nyingi, zikamuua Breonna. Hakukuwa na dawa za kulevya nyumbani humo. Mwezi Juni mwaka huohuo, jiji hilo lilipiga marufuku hati za kuingia bila kubisha. Mwanafunzi aliyelelewa na runinga hana nafasi ya mtu kama huyo katika insha yake.

Kwa hiyo mtahiniwa akiulizwa kujadili uhalisia wa tukio ambapo askari wanamkamata mhusika, asikomee kusema kuwa askari hukamata watu. Aonyeshe nani ametoa amri na kwa nini, nani ananufaika, nani analipa gharama, na kama mwandishi amempa sauti yule aliye upande wa pili wa mlango. Zoezi ninalolitumia darasani ni jepesi: wanafunzi huandika upya msako wa insha zao wakisimulia kwa nafsi ya kwanza ya mtoto aliyekuwa amelala chumbani. Katika zile daftari saba, teke lilitoweka katika tano.