Harufu ya Dawa Katika Maji ya Masika
Masika yaanzapo, wateja wengi hutuuliza kwa nini maji ya bomba yananuka dawa kuliko kawaida. Sababu iko mtoni. Mvua za Machi hadi Mei huingiza udongo, majani na kinyesi cha mifugo katika Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayohudumia Dar es Salaam. Tope huwaficha vijidudu, na uchafu wa majani huimaliza klorini kabla haijawafikia. Hivyo huongezwa shabu ili tope lituame, kisha klorini ya kutosha kubakiza kiasi kidogo hadi bombani kwako. Mabaki hayo huyalinda maji njiani, hasa bomba linapovuja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mabaki yasipungue miligramu 0.2 kwa lita yanapomfikia mtumiaji. Kikomo cha kiafya ni miligramu 5. Watu wengi huihisi klorini ikiwa bado chini kabisa ya kikomo hicho. Harufu pekee si dalili ya sumu.

Linalotutia wasiwasi ni mteja anayeyakimbia maji hayo na kurudi kwenye kisima kifupi, vyoo vikiwa vimefurika na kipindupindu kikinyemelea. Ukichukizwa na harufu, yaache maji saa chache katika ndoo safi iliyofunikwa kitambaa. Ila harufu ikiisha, kinga nayo imepungua: yafunike vema na uyatumie mapema. Maji yenye tope, hata yakinuka dawa, yachuje na kuyachemsha, kisha itaarifu mamlaka ya maji, ukitaja siku na mtaa.