Muhogo wa Bagamoyo na Karai la Nyumbani

Huenda msomaji akashangaa kuona safu hii, iliyozoea kuzungumzia bandari, shule na bajeti, leo imeingia jikoni na kushika karai. Tunamwomba asituhukumu mapema. Chipsi si anasa tena. Ni vigumu kupita mtaa wa Dar es Salaam au wa Unguja Mjini usikute kibanda chenye kisanduku cha kioo, na jioni ikiingia watoto na watu wazima husimama hapo wakingojea sahani zao. Vijana wamekwisha kuipa chipsi mayai jina la "zege", na utani wa namna hiyo haukizukii ila kitu kilichokwisha kuwa cha kila siku. Fedha nyingi za wananchi hupita katika mafuta yale ya moto. Ni haki basi kuuliza fedha hizo zinamfikia nani, na kwa nini chakula hiki kiwe cha kununuliwa barabarani tu badala ya kupikwa nyumbani kwa usafi na kwa gharama ndogo.

Mbatata, ambazo ndugu zetu wa bara huziita viazi mviringo, hupenda baridi. Joto la mwambao haziliwezi. Kwa hiyo nyingi ya zile zinazokaangwa pwani hutoka Njombe, Mbeya na Iringa, safari ndefu ya lori mpaka Dar es Salaam, na zile za visiwani huongezewa safari ya baharini. Kila pahala zinapopakuliwa bei hupanda. Tena kuna maovu ya lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ili mkulima atoe zaidi ya kilo 100 kwa bei ya gunia moja, jambo ambalo sheria ya vipimo imelikataza na ambalo Wakala wa Vipimo wamelipiga vita kwa miaka mingi bila ya kulimaliza. Mlaji wa Unguja hapati nafuu yoyote kutokana na dhuluma hiyo aliyofanyiwa mkulima wa Njombe.

Lakini tukitazama ng'ambo ya pili ya mkondo wa bahari, katika wilaya ya Bagamoyo, tunaona muhogo. Zinga, Kerege, Mapinga, kote huko ni ardhi ya mchanga ambayo muhogo huistahimili. Sisi wa visiwani nasi hatuna haja ya kufundishwa habari zake. Muhogo wa Jang'ombe umepata heshima ya kuingia hata katika taarab. Zao hili lililoletwa kutoka Amerika ya Kusini limekaa nasi muda mrefu hata tumelisahau ugeni wake. Hata hivyo tumelipa cheo cha chini. Wakati wa njaa tunalikumbuka, wakati wa shibe tunalionea haya.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 majirani zetu wa Kenya walipata somo ambalo lingefaa kusomwa na kila ofisi ya kilimo katika Afrika ya Mashariki. Mikahawa ya KFC nchini humo iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake, vilivyokuwa vikiagizwa kutoka nchi za nje, vilichelewa njiani kutokana na matatizo ya meli. Yote hayo katika nchi ambayo viazi ni miongoni mwa mazao yake makubwa ya chakula! Wananchi walikuja juu, na kampuni ikaahidi kutafuta wakulima wa nchini. Kilichokosekana hakikuwa viazi. Ilikosekana njia ya kumfungamanisha mkulima na karai.

Nasi tuna kasoro ya jamaa hiyo. Muhogo wa kukaanga tunaujua. Pwani ya Coco, Oysterbay, watu huujia kwa makundi siku za mapumziko, na vijana wa Dar es Salaam wameubatiza "chipsi dume". Hapa kwetu hapana bakuli la urojo linalokamilika bila chipsi za muhogo kunyunyizwa juu yake. Lakini hayo yote ni ya njiani. Nyumbani muhogo huchemshwa au hutiwa nazi, na mama anayejaribu kuukaanga hulalamika kwamba umetoka mgumu kama ukuni, au umekunywa mafuta yote ya chupa. Kosa si la muhogo. Ni la namna ya kuutengeneza, na namna hiyo ina sababu zake ambazo mtu akizielewa hatazisahau.

Jambo la kwanza ni la usalama. Muhogo una asili ya sumu ya sianidi, na ule mchungu una nyingi zaidi. Mwaka 1985, katika wilaya ya Tarime, ukame uliwalazimisha watu kula muhogo mchungu usiotayarishwa ipasavyo, na wengi, watoto na wanawake hasa, wakapooza miguu kwa maradhi yaitwayo konzo. Kwa hiyo muhogo wa chipsi lazima uwe mtamu, kama aina ya Kiroba inayojulikana sana mkoani Pwani, tena umenywe maganda yote mawili, lile jembamba la nje na lile nene la ndani. Ukionja kipande kidogo ukakuta uchungu, acha. Kukaanga peke yake hakuondoi sumu.

Ukishamenya, kata vipande vya urefu wa kidole, pasua, toa kile kiuzi kigumu cha katikati, kisha uoshe. Vipande viwe na unene mmoja, kwani vyembamba vitaungua kabla ya vinene kuiva. Sasa chemsha katika maji mengi yenye chumvi, sufuria ikiwa wazi, mpaka uma uingie bila ya nguvu na kingo zianze kuchanika. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Wanautia muhogo mbichi moja kwa moja ndani ya mafuta, nao hubabuka nje na kubaki ukuni ndani. Kuchemsha hulainisha wanga, na ile michaniko midogo ya kingoni ndiyo itakayokauka baadaye na kutoa mlio chini ya meno. Maji uliyochemshia yamwage. Tandaza vipande juu ya ungo, uviache vipoe na kupunga upepo hadi uso wake ukauke kabisa. Unyevu ni adui wa ukavu, na pia ndio unaofanya mafuta yaruke na kumchoma mpishi.

Kukaanga kwenyewe kuwe mara mbili. Mara ya kwanza mafuta yawe na moto wa kadiri, kama nyuzi 150 au 160 za Selsiasi. Asiye na kipimo atumbukize kipande kimoja: kikizama kidogo kikatoa mapovu ya taratibu, ndiyo kadiri yake. Baada ya dakika kama tano toa vipande vikiwa bado vyeupe, uvipumzishe. Unyevu uliobaki katikati utasogea kuelekea nje. Kisha ongeza moto mpaka nyuzi 180 au 190, yaani kipande kikiguswa na mafuta kichemke papo hapo kwa kelele, uvirudishe kwa dakika mbili au tatu hadi vipate rangi ya dhahabu. Wenye vibanda hufanya hivyo kila siku, ijapokuwa pengine hawajapata kuulizwa sababu: chipsi zinazongoja ndani ya kioo zimekwisha kukaangwa mara moja, na mteja akifika hurudishwa motoni.

Na kuhusu kunywa mafuta, watu hudhani chipsi huyanyonya zikiwa karaini. Sehemu kubwa huingia baada ya kutolewa. Mvuke uliomo ndani, ukipoa, huyavuta mafuta yaliyobaki juu ya kipande. Kwa hiyo mara tu vinapotoka, vikung'ute kwa nguvu katika chujio, uvitandaze, wala usivifunike, maana mvuke uliozuiwa huvilainisha.

Kiungo kitiwe wakati huo huo, vingali vya moto, kwani chumvi hainati juu ya kitu kilichopoa. Chumvi ya Nunge, Bagamoyo, inafaa sana ikisagwa laini. Chumvi yo yote itumikayo iwe imetiwa madini joto. Mwandishi wa safu hii hupendelea mchanganyiko wa chumvi, pilipili ya unga, pilipili manga na uzile uliokaangwa kavu ukatwangwa. Thomu mbichi usiitie, huungua na kuwa chungu. Afadhali isagwe pamoja na ukwaju iwe chatne ya kuchovyea. Ndimu ikamuliwe mezani, na kila mtu kwa sahani yake, kwa sababu umajimaji wake huua ukavu kwa dakika chache. Wale wa Dar es Salaam huongeza kachumbari, nao wana haki.

Mwenye mbatata afuate njia hiyo hiyo kwa tofauti kidogo. Mbatata ni maji kwa sehemu nne katika tano, ilhali muhogo mbichi una maji kiasi cha asilimia 60 na zaidi kidogo, na kingi kati ya kilichobaki ni wanga. Ndiyo maana muhogo hukauka vizuri zaidi. Mbatata zilizokatwa zilowekwe kwanza kwenye maji baridi ili wanga wa juu utoke, kisha zichemshwe kidogo kwa maji yaliyotiwa siki au ndimu, ambayo huzuia vipande visivurugike. Zilizogeuka kijani zitupwe. Wala zisihifadhiwe ndani ya jokofu, maana baridi huzidisha sukari yake, zikakaangwa zikawa nyeusi. Wanasayansi wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa kwa moto mkali hutoa kemikali iitwayo akrilamidi, inayodhaniwa kuleta saratani, nayo huongezeka kadiri rangi inavyokoza. Rangi ya dhahabu basi si urembo tu.

Mafuta nayo yana habari yake. Mwaka 2022, vita vya Ukraine na Indonesia kuzuia kwa muda mawese yake kutoka nje vilipandisha bei duniani kote, na nchi yetu inayoagiza sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula ikaona athari yake hata kwenye chupa ya nusu lita. Alizeti ya Singida na Dodoma inajitahidi. Nazi, iliyokuwa mafuta ya mwambao tangu zamani, imepigwa na maradhi ya minazi. Nyumbani mafuta yachujwe yakishapoa, yahifadhiwe pasipo mwanga, na yakianza kutoa povu, moshi na harufu nzito yamwagwe. Yasizidi nusu ya karai. Yakishika moto, yafunikwe kwa mfuniko na jiko lizimwe; maji yasitiwe kamwe, kwani hurusha moto mpaka darini.

Tumekaa sana jikoni, lakini kwa makusudi, maana hayo tuyatakayo kwa viongozi hayana maana kama mwananchi hajui afanyie nini muhogo wake. Shida kubwa ya zao hili ni kwamba likishang'olewa, ndani ya siku mbili au tatu huanza kupiga michirizi ya buluu na kuharibika. Muhogo ulioachwa jua zima juu ya gari huko Kerege, ukasubiri chombo, ukafika Unguja siku ya pili, haufai tena kwa karai.

Shida ya pili ni maradhi. Michirizi ya kahawia ilielezwa na mtaalamu Storey, kituoni Amani, Tanga, mwaka 1936, na mpaka leo inawavunja moyo wakulima wa pwani, kwa kuwa majani huweza kuonekana mazima huku mizizi imeoza ndani kwa mabaka makavu. Mkulima hugundua hasara siku ya kuvuna. Kituo cha utafiti cha Kibaha kwa upande wa bara, na cha Kizimbani hapa Unguja, vimeshughulikia aina zinazostahimili. Mbegu hizo safi zinatakiwa zimfikie mkulima wa Zinga kwa wakati, kabla ya mvua za masika, si zibaki kuonyeshwa kwenye maonyesho ya Nanenane.

Mwaka 1975 taifa liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai kwa redio na vikundi vya kujisomea, na watu wakakaa chini ya miembe kujadili lishe. Mabibi shamba na mabwana shamba wa leo wangeweza kabisa kufundisha kukaanga mara mbili kama wanavyofundisha nafasi ya kupandia. Wafundishe pia kwamba muhogo hauna protini ya kutosha, uliwe pamoja na samaki au kunde, na kwamba chipsi za kila siku si chakula cha mtoto wala cha mwenye kisukari.

La mwisho ni hili la kibiashara. Costa Rica huuza muhogo wake Ulaya na Marekani, mwingine umepakwa nta, mwingine umemenywa na kugandishwa. Muhogo uliokwisha kuchemshwa na kugandishwa hukaangwa vizuri sana, tena bila ya kungoja uyeyuke. Kikundi cha akinamama wa Zinga au Mlingotini kikipatiwa maji safi, umeme wa kutegemewa na jokofu moja kubwa, kinaweza kumenya na kuchemsha siku ile ile ya kuvuna, na mzigo ukavuka kuja Unguja ukiwa ndani ya barafu. Halmashauri ya Bagamoyo na wenzao wa upande huu wangeanza kwa kukubaliana chombo kipi kiubebe, kiondoke siku zipi, na ushuru wake utozwe upande mmoja tu.