Je, Wajua? Dawa ya Mbao Huweza Kutoboa Boti ya Alumini
Nchini Marekani, wavuvi wengi wa maziwa na mito hutumia boti ndogo za alumini zenye kitako bapa, ambazo huziongezea wenyewe jukwaa la kurushia mshipi, yaani sakafu iliyoinuliwa kwenye omo, sehemu ya mbele ya chombo. Kosa moja zito katika ujenzi huo halionekani mapema: mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza kwa kawaida huwa na shaba, ambayo ikikutana na alumini penye unyevu huzalisha mkondo mdogo wa umeme unaoila alumini polepole hadi itoboke. Hatari hiyo ilizidi baada ya viwanda vya huko kuacha, mwishoni mwa 2003, kutumia dawa yenye aseniki katika mbao za majumbani na kuhamia dawa zenye shaba nyingi zaidi. Plaiwudi isiyo na dawa, iliyopakwa epoksi, yaani gundi ngumu isiyopitisha maji, ndiyo salama, ijapokuwa huongeza gharama. Aidha, jukwaa lililoinuliwa sana hupandisha kitovu cha uzito, hivyo boti hupinduka kwa urahisi zaidi. Na povu lililo chini ya viti, ambalo huizuia boti iliyojaa maji isizame, halipaswi kamwe kuondolewa ili kupata nafasi.