Je, Wajua? Kifaru ni Uwekezaji, Risasi ni Akiba ya Ghalani

Je, wajua kwamba kabla ya mwaka 2008 mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za taifa, yaani mfumo ambao nchi huutumia kukokotoa thamani ya uzalishaji wake, uliihesabu manowari kama kitu kilichotumika na kwisha, sawa na mafuta au karatasi za ofisini? Toleo la mwaka huo lilibadili jambo hilo: manowari, ndege za kivita na vifaru sasa huingizwa katika uwekezaji, kwa kuwa hutoa huduma ya ulinzi kwa miaka mingi huku vikichakaa polepole, ilhali risasi na mabomu, ambayo hutumika mara moja tu, huhesabiwa kuwa akiba ya ghalani hadi siku yanapotumika.

Ulinzi wenyewe hauna bei sokoni, kwa hiyo wanatakwimu huupima kwa gharama za kuutoa, mishahara ya askari ikiwamo. Hapa msomaji anapaswa kuwa makini sana, maana gharama hizo zikipanda, Pato la Taifa kwa bei za mwaka husika nalo hupanda, hata kama usalama wa raia haukuongezeka hata chembe. Pensheni za wanajeshi wastaafu hazimo katika kipimo hicho, kwa sababu hazilipii kazi mpya, lakini jumuiya ya kujihami ya NATO, ambayo mwaka 2014 iliwataka wanachama wake walenge kutumia asilimia 2 ya pato lao kwa ulinzi, huzijumlisha katika matumizi hayo.